Nisaini mwaka mmoja makao ya wazee, au nianze kazi Jumatatu bila cheti?

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Jina langu naomba mlifiche. Nina miaka 36, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini. Nimekulia na kuolewa kambini Nyarugusu, Kigoma, na tangu 2019 tuko Texas: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Mama alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, na ana kisukari. Mimi ndiye ninayemwogesha, kumvalisha na kumlisha. Kazi yangu ya kulipwa ni kufua mashuka hotelini, asubuhi mpaka saa tisa mchana. Mume wangu yuko shifti ya usiku kwenye ghala. Gari tunalo moja.

Kila mtu ananiambia, wewe wagonjwa unawajua, soma CNA, usaidizi wa wauguzi. Nimekubali, lakini nimejikuta na njia tatu kwa mpigo na sijui nishike ipi.

Kuna makao ya wazee, dakika kumi na tano kutoka nyumbani, wanafundisha wenyewe bure. Kozi ni wiki nne, kutwa nzima, kwa hiyo hotelini itabidi niache. Nikifaulu nitapewa shifti ya saa nane mchana hadi saa nne usiku. Ila kuna karatasi: nisaini kwamba nitakaa mwaka mmoja, na nikiondoka kabla nitalipa dola 1,500 za mafunzo. Wanataka jibu Ijumaa.

Halafu kuna ndugu mmoja wa kanisani mwenye kampuni ya kupeleka wahudumu majumbani. Anasema nianze Jumatatu, cheti hakihitajiki. Ni mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, anaishi peke yake, saa 25 kwa wiki, dola 13 kwa saa, muda wenyewe watoto wakiwa shule. Nilipomuuliza kazi ni zipi akasema kumwogesha, kupika, kumpa vidonge vyake na kumchoma sindano ya insulini asubuhi, "si unamchoma mama mkwe kila siku?" Malipo yatakuja kwa fomu ya 1099. Akaongeza kwamba nikitaka cheti, yeye ananipatia cha HHA, yaani mhudumu wa nyumbani, cha mtandaoni kwa dola 150, unatazama video siku mbili, na kinatambulika Marekani nzima.

Njia ya tatu ni shule ya binafsi, jioni na Jumamosi, dola 900, wiki kumi. Hapo hotelini naendelea. Ila dola 900 kwetu ni kodi ya nyumba karibu nzima.

Sasa la nyumbani. Mume wangu amesema mke wake hataosha wanaume wa watu. Alisema hivyo mara moja, mbele ya kaka yake, na tangu hapo hatujazungumza tena. Habari ya mzee wa kampuni sijamwambia kuwa ni mwanamume. Mama mkwe naye anauliza, ukienda kuhudumia wazungu, mimi nani atanihudumia?

Na Kiingereza. Nasikia vizuri kuliko ninavyosoma. Nimesoma hadi darasa la nane kambini, kwa Kifaransa na Kiswahili. Naogopa mtihani. Tena kadi zangu zina majina tofauti: grini kadi ina majina matatu, kadi ya Social Security ina mawili, na kwenye leseni ya gari jina la baba limewekwa mwanzo. Tarehe ya kuzaliwa tuliandikiwa wote Januari mosi.

Nifanye nini, mama? Nachelewa, na wenzangu niliokuja nao wameshapata kazi hizi.

Mimi, mkwe wa mama, Texas

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba umeandika maswali mawili kana kwamba ni moja. La kwanza: karatasi ipi inafungua kazi ipi, na kwa bei gani. Hilo lina majibu ya sheria na hesabu. La pili: nyumba yenu itabeba vipi mke anayefanya kazi ya kuhudumia miili ya watu. Hilo halina kifungu. Nitaanza na la kwanza kwa sababu Ijumaa iko karibu, lakini nadhani la pili ndilo linalokunyima usingizi.

Watu wetu wakisema "kazi ya kuhudumia wazee" huchanganya kazi tatu ambazo sheria imezitenganisha. CNA ni msaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee na hospitali. HHA ni mhudumu wa nyumbani anayetumwa na kampuni inayolipwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee, chini ya uangalizi wa muuguzi. Wa tatu ni yule wa kusaidia mambo ya kila siku tu, kuoga, kuvaa, kupika, kufagia. Huyo serikali ya shirikisho haijamwekea mafunzo ya lazima, kila jimbo lina lake. Ndugu wa kanisani anaposema cheti hakihitajiki, kwa kazi hiyo ya tatu huenda anasema kweli. Tabu ni kwamba orodha aliyokupa imeshavuka kazi ya tatu.

Kwa CNA, sheria iliyopitishwa 1987 iliweka kiwango cha chini cha nchi nzima: saa 75 za mafunzo, angalau 16 kati ya hizo zikiwa za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza, na Texas imeongeza hadi 100, yaani 60 za darasani na 40 za vitendo. California ni 160. Kabla hujamgusa mkaaji yeyote lazima uwe umepata saa 16 za mwanzo: mawasiliano, kuzuia maambukizi, usalama na dharura, haki za wakaaji, na namna ya kumwacha mtu afanye mwenyewe anachoweza. Hicho ni kipimo kizuri cha mahali pa kusomea. Mahali watakapokupeleka wodini siku ya kwanza kwa sababu wamepungukiwa watu, jua unatafutwa mkono wa kazi na si mwanafunzi.

HHA wa kampuni za Medicare naye ana saa zake 75: 16 za darasani kwanza, kisha 16 za vitendo, na muuguzi aliyesajiliwa lazima amwone akifanya kazi kwa mtu halisi au anayeigiza mgonjwa. Hebu sasa kiweke cheti cha dola 150 na video za siku mbili mbele ya kanuni hiyo. Hakuna muuguzi aliyekuona ukimgeuza mtu kitandani. Na kinachotambulika Marekani nzima hakipo, hata cha CNA. Kila jimbo lina rejista yake, na anayehama huomba jina lake lihamishwe. Darasa la mtandaoni kwa saa za nadharia linaweza kuwa halali likiwa ndani ya programu iliyoidhinishwa. Cheti cha mtandaoni kitupu ni risiti ya dola 150.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachagua. CNA ambaye jina lake liko kwenye rejista ya jimbo bila doa anahesabiwa kuwa amekidhi sharti la mafunzo la HHA pia, ingawa kampuni inaweza kumpima tena. Kinyume chake hakipo: HHA hawezi kuingia makao ya wazee kwa cheti chake. Sikuambii usome kipi. Nataka tu upime wiki nne dhidi ya siku mbili ukijua kila moja inaishia wapi. Kwa mishahara, takwimu za serikali za 2023 ziliweka katikati ya nchi nzima kwenye zaidi kidogo ya dola 16 kwa saa kwa wahudumu wa majumbani, na zaidi kidogo ya 18 kwa wasaidizi wa wauguzi. Texas iko chini ya hapo mara nyingi, hasa kwa wa majumbani.

Tuje kwenye karatasi ya mwaka mmoja. Umeiandika kama ukweli usiobadilika: nikiondoka nitalipa 1,500. Je, umeisoma mwenyewe, au umeambiwa? Nauliza kwa sababu kanuni ya shirikisho inasema mtu ambaye tayari ameajiriwa na makao ya wazee, au ameahidiwa kazi nayo siku anayoanza kozi, hatozwi sehemu yoyote ya mafunzo na mtihani, hata vitabu. Deni la "gharama za mafunzo" kwa mtu wa aina yako linagongana na kanuni hiyo. Lakini angalia vizuri, kwa sababu zipo karatasi za aina nyingine: bonasi ya kusaini, kwa mfano, ambayo wanakupa mkononi na kuidai ukiondoka mapema. Hiyo ni habari tofauti, na huwa imeandikwa karibu karibu na ile ya mafunzo. Omba nakala upeleke nyumbani. Wakikataa kukupa nakala, hilo nalo ni jibu. Ofisi za msaada wa sheria zisizo na malipo zipo. Mashariki ya Texas na Houston iko Lone Star Legal Aid, na kwingine zipo zinazofanana nazo. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopiga simu.

Waulize na haya, kwa mdomo tu bila ugomvi. Saa za darasani zinalipwa? Sheria inawaruhusu kumweka kazini mwanafunzi hadi miezi minne kabla hajakamilisha, kwa hiyo wapo wanaolipa. Msaidizi mmoja hupewa wakaaji wangapi shifti ya jioni? Wanane na kumi na wanane ni kazi mbili tofauti, hasa kwa mgongo wako. Programu yao imeidhinishwa sasa hivi na HHSC, tume ya afya ya jimbo? Makao yaliyopigwa adhabu fulani hunyang'anywa ruhusa ya kufundisha kwa miaka miwili. Na tovuti ya Medicare iitwayo Care Compare inaonyesha nyota za kila makao na makosa waliyokutwa nayo. Mwombe mwanao mkubwa akusomee kama maandishi ni mengi.

Shule ya dola 900 ina uzuri wa kukuacha na kazi yako ya hotelini, na hufungwi na mtu. Hatari yake ni wiki kumi za kulala kidogo, na nauli, na kwamba saa za vitendo mara nyingi hufanyika mchana, hata shule ikiitwa ya jioni. Uliza hilo kabla ya kutoa hata dola moja. Tena tunza kila risiti: aliyejilipia mwenyewe kisha akaajiriwa na makao ya wazee ndani ya miezi 12 tangu amalize ana haki ya kurudishiwa gharama kwa awamu kadiri anavyoendelea kufanya kazi. Wengi hawaidai kwa sababu hawajui kuwa ipo. Baadhi ya vyuo vya jamii na ofisi za ajira za jimbo hulipia kozi hii kwa wenye kipato kidogo, kwa hiyo dola 900 si lazima iwe bei ya mwisho.

Sasa yule mzee wa insulini. Hapa nitasema wazi zaidi.

Kumchoma mama mkwe nyumbani kwako ni jambo la familia. Kumchoma mteja kwa malipo ni kazi ya uuguzi. Texas inamruhusu muuguzi aliyesajiliwa kumkabidhi msaidizi baadhi ya kazi kama hizo, lakini baada ya kumtathmini mgonjwa, kukufundisha wewe, kukupima na kubaki akisimamia. Mwenye kampuni hawezi kuikabidhi kwa neno la mdomo nje ya kanisa. Na sababu si urasimu. Kuna insulini ya haraka na ya muda mrefu, chupa zinafanana. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kukuambia amekula kumbe hajala, ukamchoma, sukari ikashuka. Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na yeye kuchanganyikiwa ndiyo hali yake ya kila siku, kwa hiyo unaweza kumtazama usione kitu mpaka amezimia. Uko peke yako ndani ya nyumba ile, na simu ya kwanza unayopiga ni ya dharura.

Likitokea hilo, jina litakaloandikwa ni lako. Texas ina rejista ya utovu wa maadili kazini kwa wahudumu wasio na leseni, wale wa majumbani wakiwemo. Aliyeingizwa humo kwa uzembe au unyanyasaji haajiriwi tena na makao ya wazee wala kampuni ya majumbani iliyo na leseni, na waajiri hulazimika kuiangalia kabla ya kuajiri. Kwa hiyo kazi ya Jumatatu inaweza kufunga njia ya Ijumaa.

Fomu ya 1099 nayo maana yake ni kwamba yeye anakuhesabu kama mwenye biashara yako. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, katika dola 325 za wiki, karibu 46 zitakuwa za serikali kabla ya kodi ya mapato. Ukiumia mgongo ukimwinua mzee, hakuna fidia. Na mtu anayekupangia mteja, saa na kazi kwa kawaida ni mwajiri wako, hata akiiita fomu jina gani. Pamoja na hayo sisemi ndugu huyo ni mbaya. Wapo wanaofungua kampuni bila kuzijua kanuni. Mwulize kama kampuni ina leseni ya HHSC, muuguzi wake msimamizi ni nani na atakuja lini nyumbani kwa mzee, kama anaweza kukulipa kwa W-2, fomu ya mwajiriwa, na kama ana bima ya wafanyakazi, maana Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwa nayo. Akijibu yote vizuri na insulini ikaondolewa au muuguzi akaishika, kazi hiyo yenye saa za mchana inaanza kuwa na sura nyingine kwa mama wa watoto wanne. Akikasirika kwa kuulizwa, umejua.

Mtihani unakuogopesha, na naelewa. Una sehemu mbili. Ya maswali huwa na maswali 60 au zaidi kutegemea jimbo, ya kuchagua jibu, na Texas inatolewa kwa Kiingereza au Kihispania. Kiswahili hakuna. Lakini kuna njia ya kusikiliza: unavaa vifaa vya masikioni, maswali yanasomwa. Wewe uliyesema unasikia vizuri kuliko unavyosoma, hiyo iombe mapema wakati wa kujiandikisha, kwa sababu siku yenyewe hawabadilishi. Utakutana na maneno ambayo hayasemwi mtaani: kwenye mtihani mtu hatembei, ana "ambulate", na hakojoi, ana "void". Andika maneno hayo kwenye daftari, na Kiswahili chake kando.

Sehemu ya vitendo ndiyo inayowaangusha watu, na si kwa sababu ya uzito wa kazi. Utapewa kama kazi tano, kuosha mikono ikiwemo kila mara. Watu hufeli kwa kugusa sinki wakiwa wameshasafisha mikono, kwa kusugua chini ya sekunde 20, kwa kufunga bomba kwa mkono mtupu badala ya karatasi. Hufeli kwa kusahau kufunga breki za kiti cha magurudumu kabla ya kumsimamisha mtu, au kumsimamisha akiwa na soksi tupu, au kumaliza yote vizuri na kuondoka bila kumwachia kengele ya kuita mahali mkono wake unafika. Katika NNAAP, mtihani unaotumiwa na majimbo mengi, mapigo ya moyo unayohesabu kwa dakika nzima yasipishane na ya msimamizi zaidi ya manne, na mkojo unaoupima usipishane zaidi ya mililita 25. Hiyo ya pili hufelisha wanaosoma kipimo wakiwa wamesimama. Kiweke mahali tambarare, inama, macho yalingane na mstari.

Na hapa una kitu ambacho hukukitaja. Mama mkwe hana nguvu upande wa kushoto. Kumvalisha unaanza mkono gani? Ukianza na ule wa kushoto, dhaifu, na kumvua ukaanza na wa kulia, tayari unafanya mojawapo ya kazi za mtihani. Kumlisha akiwa ameketi wima, kumsafisha kutoka mbele kwenda nyuma, kuangalia wekundu kwenye visigino na kiuno kwa ajili ya vidonda vya kulalia, hayo yote yamo. Kitakachokuwa kipya ni kusema: mtihani unataka ujitambulishe, umweleze mtu unachofanya, uvute pazia. Nyumbani tunafanya kimya. Zoea kusema kwa sauti, kwa Kiingereza, ukimhudumia mama. Atacheka, lakini utazoea. Ukikosea hatua mbele ya msimamizi, unaweza kusema nimekosea na kuirudia kabla hujamaliza. Nafasi ni tatu. Baada ya hapo unarudia mafunzo.

Ukishapata, cheti hakikai chenyewe. Anayekaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya kulipwa ya aina hii hutoka kwenye rejista na kurudi kwenye mafunzo au mtihani. Kumhudumia mama mkwe bure hakuhesabiki. Texas inataka pia saa 24 za masomo ya nyongeza kila miaka miwili. Kama mna mpango wa mtoto mwingine, au wa kuhama, iweke hesabu hiyo kichwani.

Mama mkwe ameuliza swali la haki kabisa, na nadhani wewe umelisikia kama lawama. Ana Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo? Kama anayo na yuko chini ya STAR+PLUS, tawi lake la Texas kwa wazee na wenye ulemavu, kuna mpango ambao familia yenyewe humwajiri msaidizi na serikali ikalipa. Mwenzi wa mgonjwa haruhusiwi, ndugu wengine wanaweza wakikidhi masharti. Muulizeni mratibu wake wa huduma. Hiyo ni njia ya nne ambayo hukuiandika. Ubaya wake ni kwamba saa zinazoidhinishwa huwa chache, malipo ni madogo, na haikuingizi kwenye rejista. Pia, mtu mmoja kuwa mkwe, mwajiriwa na mlinzi wa mgonjwa yule yule huchosha kwa namna ambayo likizo haitibu. Lakini saa hizo zinaweza kumlipa mtu mwingine, shemeji kwa mfano, akae na mama ukiwa darasani.

Kuhusu baba watoto. Umeandika kwamba alisema mara moja, mbele ya kaka yake. Mwanamume akisema jambo mbele ya kaka yake, wakati mwingine anamwambia kaka yake. Sijui kama ndivyo kwake. Wewe unaweza kujua. Inawezekana ni imani yake thabiti, na hapo utahitaji kumsikiliza hivyo. Inawezekana pia ni hofu ya maneno ya watu, au ya nyumba kuwa tupu jioni, yeye akiamka kwenda ghalani na wewe uko shifti hadi saa nne usiku. Hizo ni hofu tatu na kila moja ina dawa yake.

Kama ni ile ya kuosha, usimwahidi kisichowezekana. Makao ya wazee hayatakuhakikishia wanawake watupu. Unachoweza kumweleza ni jinsi kazi inavyofanywa: pazia limevutwa, mwili umefunikwa taulo na kufunuliwa sehemu inayosafishwa tu, glavu mkononi, na mtu anayeweza kujisafisha sehemu za siri hupewa kitambaa ajisafishe. Wakaaji wenyewe wengi huomba wahudumu wa jinsia yao, na huombewa. Kwa kampuni ya majumbani una nafasi zaidi ya kusema nataka wateja wanawake, ingawa saa zako zinaweza kupungua. Ila hilo la yule mzee ni mwanamume, ningependa alisikie kwako kabla hajalisikia kwa yule ndugu, maana wote mko kanisa moja.

Umesema unachelewa. Kwa nani? Wenzako wana kazi hizi, lakini hukuniambia wana karatasi gani, wala wanalipwa kwa fomu gani. Ijumaa ni tarehe ya makao yale, na makao yanayofundisha huanza darasa jingine mara kwa mara kwa sababu watu huacha kazi hii sana. Waulize lini darasa linalofuata. Jibu hilo peke yake linaweza kukupa nafasi ya kupumua.

Kuna mambo mawili yatakayohitajika kwa njia yoyote utakayoshika, hata usipoamua leo. La kwanza ni kipimo cha kifua kikuu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, na kile cha kudungwa kwenye ngozi kinaweza kuonyesha kana kwamba una maambukizi kwa sababu ya chanjo. Omba cha damu. La pili ni majina. Siku ya mtihani kitambulisho na jina la kujiandikishia visipolingana herufi kwa herufi hawakuruhusu kuingia, na ada haurudishiwi. Tarehe ya Januari mosi haina shida maadamu iko hivyo hivyo kwenye kadi zote. Majina ndiyo yatakayokusumbua: kwa kuwa grini kadi ndiyo yenye jina kamili, anza na ofisi ya Social Security ukiwa nayo mkononi, kadi mpya hawatozi, na ikishafika ndipo uende kurekebisha leseni ya gari. Huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo nenda siku yako ya mapumziko inayofuata, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.